Vitabu vya hadithi fupi za kuchekesha: uchukue cha mwandishi mmoja, cha mhusika yuleyule au cha mchanganyiko?

Watu wengi wakitafuta kitabu cha hadithi za kuchekesha wanauliza kitu kimoja tu, kipi kinachekesha zaidi, na hilo swali halina jibu la maana kwa sababu kinachomvunja mbavu mwenzio wewe kinaweza kukupita hivi hivi. Swali linalojibika ni jingine: wewe unasomaje? Unakaa na kitabu masaa matatu mfululizo mpaka shingo inauma, au unasoma hadithi moja kabla ya kulala, au unadokoa dokoa kwenye simu ukiwa kwenye foleni? Maana hivi vitabu vina mafungu yake na kila fungu lina namna yake ya kusomwa, ukikosea hapo kitabu kizuri kabisa kitakuchosha halafu utaanza kusema huyu mwandishi wanamsifia bure.

Kuna kitu kimoja cha kujua kabla hatujalinganisha chochote. Hadithi fupi za kuchekesha nyingi, hasa zile za zamani zinazochapwa tena na tena, hazikuandikwa ziwe kitabu, ziliandikwa moja moja kwa ajili ya gazeti au jarida. Anton Chekhov wa Urusi, huyu ambaye leo watu wanamjua kwa tamthilia nzito nzito, alianza akiwa bado anasomea udaktari Moscow, anaandika vichekesho vifupi kwa jina la bandia Antosha Chekhonte ili familia ipate hela ya kula, na jarida moja lililokuwa linamchapa, Oskolki, lilikuwa linataka kitu kisichozidi mistari 100 hivi. O. Henry wa Marekani, ambaye naye hilo si jina lake, aliitwa William Sydney Porter, kuanzia 1903 alikuwa anaandika hadithi moja kila wiki kwa toleo la Jumapili la gazeti la New York World. Sasa mfikirie msomaji wa wakati ule: anasoma moja, anacheka, anakaa wiki nzima ndo anapata nyingine. Sisi tunapewa 20 au 30 zimebanwa ndani ya kava moja na tunazishambulia zote usiku mmoja.

Hapo ndo yanapotoka yale malalamiko ya "tano za kwanza nilicheka mpaka machozi, kuanzia ya sita zote zikawa zinafanana". Wala hazifanani, ni kwamba umeshamzoea mwandishi unajua anakoelekea, na kwa aina fulani ya ucheshi kuzoea ni sumu, kwa aina nyingine kuzoea ndo utamu wenyewe. Mimi nikiulizwa na mtu achague kipi huwa naanzia hapo.

Tuanze na kitabu cha mwandishi mmoja ambacho kila hadithi inajitegemea, watu wapya, mahali papya, mkasa mpya. Uzuri wake unaonekana mapema: unafungua popote, ukisoma ya kumi na moja kabla ya ya pili hujaharibu kitu, na ukikutana na mbovu unairuka bila kukosa chochote huko mbele. Tabu yake inategemea huyo mwandishi anachekesha kwa njia gani, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanapopotea.

Kuna wanaochekesha kwa kupindua mambo mwishoni. O. Henry ndo bingwa wao, na ukitaka kujua kama staili hiyo inakufaa jipime kwa ile yake ya 1907 inayoitwa "The Ransom of Red Chief". Sam na Bill wanamteka mtoto wa mzee mwenye hela zake wakiamini baba atatoa dola 2,000 mbio mbio. Mtoto mwenyewe sasa! Anajiita Chifu Mwekundu, anaona kutekwa ni raha kuliko nyumbani, anamgeuza Bill farasi wake wa kupanda, na alfajiri Sam anashtuliwa na mayowe, kugeuka anamkuta dogo kamkalia Bill kifuani, mkono mmoja kashika nywele, mwingine kashika kisu, anataka kumchuna ngozi ya kichwa. Ukifika katikati wewe msomaji unaanza kuwaonea huruma watekaji. Halafu inakuja barua ya baba, na hela hamna: anawaambia wao ndo wamlipe yeye dola 250 atakubali kumpokea mwanawe, tena waje usiku, maana majirani wanaamini mtoto kapotea na yeye hawezi kujua watamfanya nini mtu watakayemwona anamrudisha. Na wanalipa.

Imekaa vizuri sana ile. Lakini angalia inakuchekesha kwa nini. Barua ni pigo moja tu, kilichokuweka unacheka muda wote ni yule mtoto, ndo maana hata ukishajua mwisho wake unaweza kuirudia. Sasa zipo hadithi chungu nzima za staili hii, nyingine za huyu huyu na nyingi zaidi za waliomwiga, ambazo hazina mtoto yule, zina barua peke yake. Moja ukiisoma siku ya Jumatatu utaipenda. Ukizisoma nne mfululizo, ya tano huisomi tena, unaikagua kama askari wa mpakani, kila neno unaliuliza limekuja kufanya nini, na ukishaotea mwisho basi, hakuna cha kucheka pale. Kwa hiyo kitabu cha aina hii ni kizuri kwa anayesoma hadithi moja moja, na kwa anayesoma kwa mkupuo ni hasara.

Wapo wengine kwenye fungu hilo hilo ambao hawapindui kitu, wao wanaongeza chumvi taratibu mpaka jambo dogo linakuwa maafa. Chukua ile ya Chekhov ya 1883 ya kifo cha karani wa serikali, ni kurasa chache tu. Karani Chervyakov yuko kwenye maonyesho anafurahi zake, anapiga chafya, inampata mzee aliyekaa mbele yake kichwani, na yule mzee ni jenerali. Anaomba radhi. Jenerali anamwambia si kitu. Wakati wa mapumziko anamfuata tena kuomba radhi. Kesho yake anamfuata ofisini. Keshokutwa anaenda tena, safari hii kueleza kwamba jana alipokuja kuomba radhi hakuwa anafanya mzaha. Kadri anavyoomba radhi jenerali anazidi kukereka, na kadri jenerali anavyokereka karani anazidi kuamini kwamba kweli hajasamehewa, mpaka jenerali anamfokea atoke. Karani anarudi nyumbani, hata sare hajavua, anajilaza kwenye kochi, anakufa. Hadithi imeishia hapo hapo kwenye hilo neno.

Hamna ujanja wowote pale, kichwa cha hadithi kimeshakwambia mapema kwamba karani atakufa! Na bado unacheka, kwa sababu kila hatua ya huyu jamaa ina mantiki yake, na kama umewahi kumtumia mtu meseji ya tatu kumuomba samahani kwa usumbufu wa zile meseji mbili za kwanza basi unamjua Chervyakov vizuri tu. Hadithi za namna hii zinavumilia kusomwa nyingi kwa siku kuliko zile za kupindua, ila zina la kwao: kicheko chake kina uchungu ndani. Ukiwa unatafuta kitabu cha kukutoa kwenye wiki mbaya, hizi zinaweza zikakuacha unawaza. Watu wanaona neno "vichekesho" kwenye kava wanadhani ni mambo ya raha tu, halafu wanakutana na karani maiti kwenye kochi.

Sasa fungu la pili, la mwandishi mmoja na mhusika yuleyule kutoka hadithi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mfano ambao kila mtu anaufikia ni wa Mwingereza P. G. Wodehouse na wale wawili wake, Bertie Wooster kijana tajiri mwenye moyo mzuri na akili za kuombea, na Jeeves mtumishi wake ambaye akili za nyumba nzima anazo yeye. Walianza kuonekana 1915, na kitabu cha mwisho chenye hao watu kimetoka 1974, yaani karibu miaka 60 ya vituko vya watu wale wale ambao wala hawazeeki.

Ukiangalia juu juu utasema ni marudio. Rafiki wa Bertie kaingia kwenye matatizo ya mapenzi au ya hela, Bertie anakuja na mpango wake, mpango unaharibu zaidi, Jeeves anaokoa, na mara nyingi malipo yake ni Bertie kuachana na nguo fulani anayoipenda ambayo Jeeves hataki hata kuiona. Hadithi ikianza na Bertie kanunua kitu cha rangi ya kupiga kelele, wewe uliyesoma zilizotangulia unajua kabisa hicho kitu hakifiki ukurasa wa mwisho. Na bado hujachoka, kwa sababu unachosubiri ni kuona kitaondokaje na Jeeves atasema nini kwa ile heshima yake yenye sindano ndani. Ukishajua mwisho ndo unapata nafasi ya kufurahia njia.

Kwenye fungu hili mpangilio wa kitabu una maana, tofauti kabisa na lile la kwanza. Kitabu chake cha 1925, Carry On, Jeeves, kina hadithi 10. Tisa anasimulia Bertie mwenyewe, kwa hiyo unamjua Jeeves kupitia macho ya Bertie, mtu wa ajabu anayeingia chumbani bila kusikika na kutoka bila kusikika. Ya kumi anasimulia Jeeves. Ghafla yule bwana mliyekuwa naye tangu mwanzo anaongelewa na mtumishi wake, kwa upole wote, adabu zote, na unagundua kumbe huku nyuma Jeeves alikuwa anamwona kama mtu wa kusimamiwa tu. Hiyo ya kumi ukianza nayo ni hadithi ya kawaida yenye kuchekesha kiasi. Ukiifikia baada ya tisa unaweza kulazimika kuweka kitabu chini kwanza. Kwa hiyo kitabu cha mhusika mmoja anza mwanzo uende nacho, usidokoe.

Ukiyaweka haya mawili pembeni kwa pembeni tofauti inakuwa hivi. Kicheko cha kushtukizwa kinapungua nguvu kila ukigeuza ukurasa, kicheko cha kumzoea mtu kinapanda. Cha kwanza kinakupa kila kitu siku ya kwanza. Cha pili kinakudai subira, hadithi ya kwanza na ya pili unaweza usicheke kabisa unabaki unajiuliza watu wanaona nini hapa, na ndo sababu wengi wanakiacha mapema. Lakini pia cha pili kina hatari ambayo cha kwanza hakina: kama yule mhusika humpendi, anakukera tu, basi umepoteza kitabu kizima, huna pa kurukia. Kwenye cha hadithi zinazojitegemea hata ukichukia nusu bado unabaki na nusu.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kukaa na kitabu mchana mzima, au uko safarini masaa mengi, au umelala kitandani unaumwa hutaki kujifunza majina mapya kila baada ya kurasa nane, nenda kwa mhusika mmoja. Hilo la majina watu hawalitaji lakini ni kazi kubwa, kila hadithi mpya inakudai uanze upya, huyu nani, yule nani, wako wapi, na kichwa kikichoka hiyo kazi ndo inakushinda kabla hata hujafika kwenye kichekesho. Kama unasoma kwa vipande vya dakika kumi kumi, leo ndiyo kesho hapana, chukua zinazojitegemea, na jiwekee kawaida ya mbili kwa siku zikizidi sana tatu. Najua kujizuia ni kazi pale kitabu kinaponoga, ila jaribu uone ya tatu kesho inavyochekesha kuliko ambavyo ingechekesha usiku huu.

Fungu la tatu, mchanganyiko wa waandishi wengi. Hapa sina mengi. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna sauti inayokuchosha, ukitoka kwa mtu wa maneno mengi unaingia kwa mtu wa sentensi fupi kavu, na ladha inabadilika yenyewe bila wewe kujizuia. Ni kitabu cha kujitafutia mwandishi. Unasoma waandishi 15 au 20, wanne wanakukamata, unaandika majina yao unaenda kutafuta vitabu vyao vizima, na ukifanya hivyo hata kama waliobaki walikuboa kazi imefanyika. Kwa mtu ambaye hajui kabisa anachekeshwa na nini, hiki ndo cha kuanza nacho, mimi sioni cha kubishana hapo.

Ubaya wake ni kwamba uko mikononi mwa mhariri aliyechagua, na wahariri wana tabia zao. Wengine wanajaza hadithi za zamani tu kwa sababu haki zake zimeshaisha hawamlipi mtu, unajikuta na kitabu kimeandikwa "bora kuliko zote" kumbe hadithi zote unazipata bure mahali pengine. Wengine wanachukua majina makubwa badala ya hadithi nzuri, jina kubwa likiletwa na kazi yake dhaifu. Angalia utangulizi: mhariri akieleza kwa nini kachagua hii na siyo ile, hiyo ni dalili nzuri. Utangulizi ukiwa ni nusu ukurasa wa kusema kicheko ni dawa, kuwa macho.

Halafu kuna visa vya masimulizi, vile vya mjanja anayewazidi akili wakubwa. Abunuwasi kwetu, Juha kwa Waarabu, Nasreddin kwa Waturuki, na visa vingine ni kile kile kimoja kimebadilisha jina la mwenyewe tu. Ile ya sufuria iliyozaa kila mtu anaijua, kaazima sufuria kubwa karudisha na kadogo pembeni, mwenye mali kakubali kwa furaha kwamba sufuria yake imejifungua, safari ya pili sufuria hairudi kwa sababu imefariki, na aliyekubali kwamba sufuria inazaa hana mdomo wa kukataa kwamba inakufa. Ni fupi, ukurasa mmoja inatosha, haina neno la ziada. Abu Nuwas mwenyewe alikuwepo kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ila mengi anayosingiziwa kwenye visa hivi hayamhusu.

Hivi visa ukivisoma kimya kimya peke yako kimoja baada ya kingine vinaisha utamu haraka ajabu, kuliko hata zile za O. Henry, maana mjanja anashinda kila siku na wewe unajua atashinda. Havikuwekwa kwa kazi hiyo. Vimekaa kusimuliwa, kimoja, kwa watu wanaokuangalia usoni. Kama unanunua kitabu cha kusomea watoto au cha kuwa na kitu cha kusema mkikaa pamoja, hakuna fungu linaloshinda hili. Kama ni cha kusoma mwenyewe usiku, utakimaliza siku moja na hutakumbuka hata vitatu.

Upande wa tafsiri niseme kidogo tu. Hadithi inayochekesha kwa mkasa, kama ya chafya, inavuka lugha bila shida, unaicheka ikiwa imetafsiriwa na mtu wa kawaida tu. Inayochekesha kwa namna sentensi ilivyosukwa, na Wodehouse yumo humo, mtafsiri asipokuwa fundi unabakiwa na mkasa mtupu ambao wenyewe si wa kushangaza. Kama lugha ya mwandishi unaimudu hata kwa kujikongoja, kwa hao wa sentensi soma ya kwake, kwa wa mikasa tafsiri inatosha.

Na kuna hili la kusoma au kusikiliza, ambalo siku hizi linauliziwa sana kwa sababu vitabu vya sauti vimejaa kila apu. Kwa ucheshi si suala la urahisi tu, linabadilisha kitabu chenyewe. Mark Twain, ambaye mbali ya kuandika alikuwa anapanda jukwaani kusimulia na watu wanalipa kiingilio, aliandika makala mwaka 1895 kuhusu namna ya kusimulia, hoja yake ni kwamba hadithi ya ucheshi inasimuliwa kwa uso mkavu, msimuliaji anajitahidi kuficha kama hata yeye anahisi kuna kitu cha kuchekesha ndani yake. Na hadithi yake iliyompa jina, ile ya chura anayeruka ya 1865, imejengwa hivyo hivyo: mzee mmoja anaeleza habari ndefu ya mcheza kamari na chura wake aliyefundishwa kuruka, na jinsi mgeni alivyomjaza yule chura risasi ndogo za kuwindia ndege akashindwa kunyanyuka, na mzee muda wote hatabasamu, hapandishi sauti, kwake yeye ni taarifa muhimu.

Sasa sikiliza hadithi kama hiyo ikisomwa na mtu anayecheka cheka, anayebana pua kwa kila mhusika na kuvuta sauti pale anapotaka ucheke. Imekufa. Kwa hiyo kwenye vitabu vya sauti msomaji ana uzito sawa na mwandishi, sikiliza dakika mbili za mwanzo na ukihisi anakusukuma ucheke achana nacho, kitafute cha kusoma kwa macho. Ila ukimpata msomaji mkavu anayejua kunyamaza sekunde moja pale panapotakiwa, hapo sauti inashinda karatasi, hasa kwa zile hadithi zinazosimuliwa na mtu mmoja anayeongea kama Bertie au kama yule mzee wa chura. Na tafadhali, ile spidi ya moja na nusu acha kwa vitabu vya biashara. Kichekesho kinaishi kwenye vile vituo vya kunyamaza, ukivikata umekata kila kitu.

Zile za kupindua mwishoni mimi ningezisoma kwa macho, kwa sababu moja ndogo: ukishtuka mwishoni unataka kurudi juu kuangalia alikuficha wapi, na kwenye sauti kurudi nyuma ni usumbufu. Na kwa masimulizi ya Abunuwasi na wenzake sauti, bila kufikiria mara mbili.

Kabla hujatoa hela yako jaribu kwanza. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ambayo ilianza tangu 1971, ina vitabu ambavyo haki zake zimeisha, O. Henry yupo, Twain yupo, Chekhov yupo kwa tafsiri za zamani, vitabu vya mwanzo vya Wodehouse vipo, unavisoma bure kabisa. Kwa sauti kuna LibriVox, ilianzishwa 2005, wanaosoma ni watu wa kujitolea, kwa hiyo ubora unapanda na kushuka, hadithi hii imesomwa na fundi, inayofuata imesomwa na mtu anayeonekana ana haraka. Vitabu vipya karibu vyote vina kurasa za kuonja kwenye maduka ya mtandaoni.

Namna ya kuonja nayo si kufungua hadithi ya kwanza. Ya kwanza na ya mwisho ndo kwa kawaida mhariri anaweka zile anazozitegemea, hata mbovu wote wanajua kufanya hivyo. Kama unaweza kufungua ya katikati, fungua hiyo, soma ukurasa mmoja tu na usitafute kichekesho, angalia kama unataka kuendelea kumsikiliza huyu mtu akiongea. Mwandishi mzuri wa vichekesho anakupendeza kabla hajakuchekesha. Ukikuta ukurasa mzima una alama za mshangao na mwandishi anakwambia mara mbili kwamba kilichotokea kilikuwa kichekesho, funga. Angalia pia urefu: hadithi za kurasa tatu nne ndo za kudokoa, zikifika 25 hiyo inataka ukae kitako, na kitabu chenye hadithi sita ndefu siyo kitabu cha foleni hata kava iseme nini.

Cha kujisomea mwenyewe ukikosea unabadilisha, kinacholeta kigugumizi ni cha zawadi. Kumpa mtu kitabu cha kuchekesha ni kumwambia najua unachekeshwa na nini, na kama hujui itaonekana. Kwa mtu usiyemjua sana mpe mchanganyiko, hawezi kukosa hata mbili za kwake. Kwa mgonjwa mpe cha mhusika mmoja na siyo cha makarani wanaokufa, na hakikisha herufi si ndogo na kitabu si kizito maana atakishika akiwa amelala. Kwa mtu mwenye watoto mpe masimulizi. Kwa yule rafiki anayejifanya ameshasoma kila kitu, mpe O. Henry umwambie asome moja tu kwa siku, hatakusikiliza, atasoma kumi usiku wa kwanza na kesho atakupigia kukwambia ya kumi alijua mwisho wake tangu ukurasa wa pili.